Masikio na Makelele
Namna watu wanavyopima ukubwa wa sauti, na namna sauti kubwa inavyoharibu kusikia

Mutu akipata vumbi ndani ya jicho, anakuja hospitali siku ile ile. Akijikata muguu kwa jembe, anakuja mbio. Lakini mutu ambaye masikio yake yanaharibiwa na makelele haji. Kwa sababu gani? Kwa sababu haoni maumivu. Hakuna damu, hakuna uvimbe, hakuna homa. Miaka inapita. Halafu siku moja jamaa yake wanamuleta na kusema: “Munganga, baba hasikii tena maneno yetu. Tunaomba dawa.” Hapo munganga anapaswa kusema neno gumu: usikivu uliopotea kwa njia hii haurudi kwa vidonge wala kwa sindano. Ulikuwa unaweza kuchungwa, na kazi ya kuuchunga ilikuwa rahisi.

Kwa hiyo tujifunze sasa, wakati masikio yetu ni mazima bado. Tutaona sauti ni nini, sikio linafanya kazi namna gani, ukubwa wa sauti unapimwa kwa kipimo gani, na mambo tunayopaswa kufanya nyumbani, kazini na kanisani.

1. SAUTI NI NINI?

Uchukue ngoma, uweke punje chache za mucheli juu ya ngozi yake, halafu uipige polepole. Utaona punje zinarukaruka. Ngozi ya ngoma inatikisika, na kutikisika kwake kunasukuma hewa iliyo karibu. Hewa ile inasukuma hewa nyingine, na hivi mawimbi yanakwenda mbele mpaka yanafika katika sikio lako. Ni kama mawimbi ya maji wakati unapotupa jiwe katika ziwa.

Mawimbi hayo yanakwenda mbio sana, karibu metre 340 kwa sekunde moja, lakini yanahitaji wakati kidogo. Tazama mutu anayepasua kuni ngambo ya bonde. Unaona shoka inaanguka, na nyuma kidogo unasikia mulio wake.

Kila sauti ina mambo mawili. La kwanza ni unene ao wembamba wake. Ngoma kubwa inatikisika polepole, sauti yake ni nene. Filimbi inatikisisha hewa mara nyingi sana kwa sekunde moja, sauti yake ni nyembamba. Kijana mwenye masikio mazima anasikia sauti zinazotikisika tangu mara 20 hata mara 20,000 kwa sekunde.

Jambo la pili ni ukubwa wa sauti, maana yake nguvu ya mawimbi. Ukipiga ngoma ile ile kwa kidole, nguvu ni kidogo. Ukiipiga kwa fimbo, nguvu ni nyingi. Somo letu ni juu ya jambo hili la pili.

2. SIKIO LINAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Sehemu ya sikio tunayoiona inje ni kama mukono unaokusanya sauti. Sauti inaingia katika tundu na kufika kwenye ngozi moja nyembamba inayoitwa ngoma ya sikio. Ngoma hiyo inatikisika. Nyuma yake kuna mifupa mitatu midogo sana, midogo kuliko mifupa yote mingine ya mwili. Mifupa hiyo inapokea mutikisiko na kuupeleka ndani zaidi, katika chombo kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Chombo hicho kimejaa maji.

Ndani ya konokono hiyo kuna chembe ndogo za mwili zenye nywele fupi juu yake. Jicho peke yake haliwezi kuziona. Maji yakitikisika, nywele zinainama, na chembe zinapeleka habari katika ubongo kwa njia ya mushipa wa fahamu. Ndipo mutu anasema: “Nimesikia.”

Chembe zinazopokea sauti nyembamba zinakaa karibu na mulango wa konokono, na zile za sauti nene zinakaa mbali ndani. Mutu mumoja aliyezaliwa katika inchi ya Hungaria, Georg von Békésy, alitazama namna mawimbi yanavyotembea ndani ya konokono ya sikio. Kwa kazi hiyo alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1961.

Sasa ushike neno hili. Katika sikio moja chembe hizi ni karibu 15,000 tu. Mutu anazaliwa nazo, na hapati nyingine maisha yake yote. Ngozi ikikatwa inapona, mufupa ukivunjika unaungana, lakini chembe ya kusikia ikikufa haioti tena. Katika miaka ya 1980 watu wenye elimu waliona kwamba kuku anaweza kuotesha chembe mpya za kusikia kisha za kwanza kufa. Kuku wa kiwanja chako anaweza, lakini wewe huwezi.

Sauti kubwa inafanya nini kwa chembe hizi? Fikiri shamba la mupunga. Upepo mudogo ukipita, mupunga unainama na kusimama tena. Upepo mukali ukipita, mupunga unalala chini, lakini kesho yake mwingi unasimama. Upepo ule ukirudi kila siku, ao ikija tufani moja, mabua yanavunjika. Ndivyo ilivyo ndani ya sikio.

3. KIPIMO CHA UKUBWA WA SAUTI

Unga tunaupima kwa kilo, nguo kwa metre, homa kwa digri. Ukubwa wa sauti unapimwa kwa desibeli. Jina hili linatoka kwa Alexander Graham Bell, mutu aliyepata hati ya telefone mwaka 1876. Mafundi wa telefone wa Marekani walilitia jina lake katika kipimo hiki kati ya mwaka 1920 na 1930.

Desibeli hazihesabiwi kama kilo, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Sauti inayoanza kuumiza sikio ina nguvu mara 1,000,000,000,000 kuliko sauti ndogo kabisa inayoweza kusikiwa. Nani anaweza kuandika hesabu kama hizo kila siku? Kwa hiyo walichagua njia ya mukato. Kila mara nguvu ya sauti inapozidishwa kwa kumi, wanaongeza desibeli 10 tu. Tazama:

Desibeli 0: sauti ndogo kabisa ambayo kijana mwenye masikio mazima anaweza kuisikia penye kimya.
Desibeli 10: nguvu mara 10 kuliko ile.
Desibeli 20: nguvu mara 100.
Desibeli 30: nguvu mara 1,000.
Desibeli 60: nguvu mara 1,000,000.
Desibeli 90: nguvu mara 1,000,000,000.

Sasa jibu ulizo hili. Mashini moja ya kusaga unga inatoa desibeli 90. Mwenye mashini analeta ya pili ya namna ile ile na kuiweka karibu na ya kwanza. Zikisaga pamoja, desibeli ni ngapi? Wengi watasema 180. Hapana, ni 93. Nguvu imekuwa mara mbili, na nguvu ikiwa mara mbili, kipimo kinapanda kwa desibeli 3 tu. Na mashini kumi pamoja zinafanya desibeli 100.

Kwa hiyo usizarau hesabu ndogo. Mutu akikuambia: “Sauti hii ilikuwa 90, sasa ni 100, imeongezeka kidogo tu,” umujibu kwamba nguvu inayoingia katika masikio imekuwa mara kumi.

Kuna neno lingine la kushangaza. Sauti ikipanda kwa desibeli 10, sikio letu halisikii kwamba imekuwa mara kumi. Linasikia tu kama imekuwa karibu mara mbili. Sikio limefanywa hivi ili liweze kusikia nyayo za panya na vilevile ngurumo ya mvua. Ni faida kubwa. Lakini kwa sababu hiyo sikio si mushuhuda mwema juu ya hatari yake lenyewe. Wewe unafikiri sauti imezidi mara mbili, na kumbe chembe zako zinapigwa mara kumi. Ndiyo maana tunahitaji kipimo, wala tusitegemee neno la watu wanaosema: “Mimi sioni ubaya wowote.”

Vyombo vya kupima sauti viko. Vina mikro ndogo, na hesabu inaonekana kwenye kioo chake. Vimetengenezwa vifuate sikio la mutu, kwa kuwa sikio linasikia vizuri sauti za katikati kuliko zile nene sana. Siku hizi hata telefone zingine zina programu ya kupima. Hazipimi sawasawa kabisa, lakini zinaweza kukuonya.

4. SAUTI TUNAZOSIKIA KILA SIKU

Hesabu hizi ni za kukadiri, kwa maana kila mashini ina nguvu yake, na kuwa karibu ao mbali kunageuza mambo.

Mutu anayenong’ona karibu nawe: 30.
Watu wawili wanaozungumza vizuri, metre moja kati yao: 60.
Pikipiki, mashini ya kusaga unga, ao grupe ya umeme ukisimama karibu nayo: 80 hata 95.
Ngoma kubwa ao bafle ya muziki, ukiwa karibu sana: 100 na kupita.
Bunduki, kwa yule anayeipiga: 140 na kupita.

Ukienda mbali, sauti inapungua. Kwenye kiwanja wazi, ukizidisha umbali mara mbili, sauti inapungua kwa karibu desibeli 6. Maana yake, mutu aliye metre 2 mbele ya bafle akirudi nyuma hata metre 4, nguvu inayomufikia inakuwa robo. Akifika metre 8, inapungua tena vile vile. Lakini ndani ya nyumba yenye kuta za matofali na bati juu, sauti inagonga kuta na kurudi, kwa hiyo haipungui upesi namna hiyo.

Kama huna chombo cha kupima, tumia mukono wako. Simama na mwenzako, kati yenu urefu wa mukono mumoja. Sema naye kwa sauti ya kila siku. Akiwa hasikii mpaka upige kelele, jueni kwamba makelele ya pale yamefika karibu desibeli 85 ao zaidi. Mahali pale si pa kukaa muchana kutwa.

5. UKUBWA NA WAKATI VINAKWENDA PAMOJA

Watu wanauliza: “Desibeli ngapi zinaharibu sikio?” Jibu si hesabu moja, kwa sababu tunapaswa kuuliza vilevile: “Kwa saa ngapi?” Mutu akipita penye jua kali dakika tano, haoni neno. Akilima penye jua lile lile tangu asubuhi hata jioni bila kofia, anaweza kuanguka. Sauti nayo ni hivyo.

Shirika la Afya Ulimwenguni, linaloitwa OMS, linafundisha kwamba mutu mukubwa anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma moja. Kwa watoto, ni desibeli 75 kwa saa 40. Kila mara sauti inapopanda kwa desibeli 3, wakati unapaswa kukatwa nusu. Hivi:

Desibeli 80: saa 40 kwa juma.
Desibeli 83: saa 20.
Desibeli 86: saa 10.
Desibeli 89: saa 5.
Desibeli 92: saa 2 na nusu.
Desibeli 95: saa 1 na robo.
Desibeli 100: karibu dakika 20 tu kwa juma zima.

Tufanye hesabu pamoja. Ibada ya siku ya Mungu inafanya saa tatu, na bafle zinapiga desibeli 100 pale kwaya inaposimama. Saa tatu ni dakika 180. Waimbaji wale wamepokea mara tisa ya kipimo cha juma zima, katika asubuhi moja. Halafu kuna mazoezi ya kwaya siku ya tatu na siku ya sita.

6. MASIKIO YANAHARIBIKA NAMNA GANI?

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni uchovu wa sikio. Mutu anatoka katika karamu ya ndoa yenye muziki mukubwa. Anasikia kama masikio yamezibwa na pamba, na ndani yake kuna mulio: nyiii, nyiii. Kesho yake mambo yanarudi, naye anasahau. Lakini mulio ule ni onyo. Mwaka 2009 watu wenye elimu wa Marekani walionyesha katika panya kwamba hata kama kipimo cha kusikia kimerudi vizuri, nyuzi nyingi zinazounganisha chembe na mushipa wa fahamu zimekwisha kukatika. Kwa hiyo mutu asiseme: “Nimepona, nimezoea.” Sikio halizoei makelele. Mutu anayefikiri kwamba amezoea, mara nyingi ameanza kupoteza kusikia.

Ya pili ni kuharibika polepole kwa miaka. Kwanza zinakufa chembe za sauti nyembamba, zile zinazotikisika karibu mara 4,000 kwa sekunde. Katika usemi wetu, sauti hizo nyembamba ni za herufi kama s, f, t na k. Herufi a, o na u ni nene, zinabaki. Basi mutu anasikia kwamba watu wanasema, lakini hashiki neno. Umuambie “paka,” naye hajui kama umesema “paka,” “pata,” ao “pasa.” Anasema: “Ninasikia, lakini sifahamu.” Jamaa yake wanamufikiri kuwa mutu mukaidi. Muke wake anaona kwamba anamuzarau. Mutoto wa namna hii shuleni anaitwa muvivu na kuazibiwa, na kumbe hakusikia neno la mwalimu. Muzee anaacha kuja katika mikutano kwa sababu ya haya, maana anajibu maulizo ambayo hayakuulizwa.

Pamoja na hayo mutu anaweza kuwa na mulio katika masikio muchana na usiku, hata penye kimya. Wagonjwa wengine wanaogopa sana mulio huu. Si sauti ya pepo, wala si uchawi wa jirani. Ni alama kwamba njia ya kusikia imeumizwa. Uje umuambie munganga.

Ya tatu ni pigo la mara moja. Mulio wa bunduki karibu na sikio, ao bomu, unaweza kupasua ngoma ya sikio na kuua chembe kwa sekunde moja. Katika inchi yetu ya Kongo, watu wengi wa mashariki wamesikia milio hiyo bila kuitafuta. Kama damu inatoka katika sikio kisha mulio mukubwa, usitie mafuta, usitie maji, usitie majani wala dawa yoyote. Funika sikio kwa kitambaa safi na kikavu, uje hospitali siku ile ile. Vilevile mutu akiamka na sikio moja halisikii kabisa, asingoje. Kuna ugonjwa wa sikio ambao unaweza kusaidiwa kama mutu anakuja upesi, na ukikawia nafasi inapita.

7. MAMBO MAWILI TULIYOJIFUNZA KWA WENGINE

Katika muji wa Glasgow, inchi ya Scotland, kulikuwa wafanyakazi waliotengeneza mapipa makubwa ya chuma kwa mashua za moshi. Walipiga misumari ya chuma kwa nyundo muchana kutwa, na wengine walikaa ndani ya pipa lenyewe. Mwaka 1886 munganga mumoja wa masikio, Thomas Barr, aliwapima 100 katika hao. Alitumia saa ndogo ya mufukoni: aliishika mbali na sikio, akaileta karibu polepole, akapima mahali ambapo mutu alianza kusikia mulio wake. Katika wale 100 hakuona hata mumoja mwenye kusikia sawasawa. Wengi wao walisema kwamba katika mikutano ya watu walikuwa na shida ya kusikia musemaji. Alipima vilevile watu wa kupeleka barua, ambao kazi yao haikuwa na makelele. Hao walisikia vizuri kuwapita sana.

Mwaka 1962 munganga Samuel Rosen wa Marekani na wenzake waliandika habari za Wamabaan, watu wa inchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, karibu na mupaka wa Ethiopia. Siku zile watu hao waliishi kwa utulivu mukubwa. Hawakuwa na bunduki, wala hawakupiga ngoma. Walipopimwa, wazee wao walisikia vizuri kuliko wazee wa miji ya Marekani. Wenye elimu wanasema kwamba kimya peke yake si sababu yote, kwa kuwa chakula chao na nguvu ya moyo na mishipa ya damu vilisaidia pia. Lakini tunaona kwamba uziwi si mushahara ambao kila muzee anapaswa kuupokea.

8. TUFANYE NINI?

(1) Punguza sauti mahali inapotoka. Hii ndiyo njia bora. Mashini iliyofungwa vizuri na kutiwa mafuta inapiga kelele kidogo. Grupe ya umeme iwekwe nyuma ya ukuta, mbali na dirisha. Usiiweke hata kidogo ndani ya nyumba ambamo watu wamo, kwa sababu moshi wake unaua.

(2) Kaa mbali. Mutu anayengoja unga wake asisimame kando ya mashini. Akae inje, metre kumi ao ishirini.

(3) Pumzisha masikio. Kisha kazi ya makelele, usiende moja kwa moja kwenye muziki mukubwa. Wale wanaosaga unga wapokeane zamu.

(4) Ziba masikio wakati wa kazi. Pamba kavu ya kawaida haisaidii sana, sauti inapita ndani yake. Vizibo laini vya sponji vinavyouzwa kwa kazi hii vinaweza kupunguza desibeli 15 ao zaidi, kama vimetiwa vizuri. Nawa mikono. Sokota kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba. Kwa mukono mwingine vuta sikio juu na nyuma kidogo, tia kizibo, ukishike kidogo mpaka kivimbe. Usitie jiwe, mbegu, wala mufuniko wa kalamu. Vitu hivi tunavitoa katika masikio ya watu kila mara, na kazi ya kuvitoa inaumiza.

(5) Vijana, chungeni ekutere za telefone. Vidude hivi vinatoa sauti ndani kabisa ya tundu la sikio. Usipite asilimia 60 ya nguvu ya telefone yako, na uvitoe mara kwa mara ili masikio yapumzike. Usilale navyo vikiimba.

(6) Kanisani, muchungaji na mashemasi watazame jambo hili kwa bidii. Bafle zisielekee mukeka wa watoto. Zipandishwe juu, ziwe mbali na watu wa mbele. Bafle mbili ndogo, moja mbele na moja katikati ya nyumba, zinasaidia kuliko moja kubwa inayopiga kwa nguvu zote. Katika nyumba ya matofali na bati, ukiongeza sauti maneno hayafahamiki zaidi, kwa sababu mwangwi nao unaongezeka. Mara nyingi ukipunguza, watu wa nyuma wanashika neno vizuri. OMS ilitoa kanuni mwaka 2022 kwa nyumba za muziki, kwamba sauti isipite wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Kama nyumba za muziki zinaambiwa hivyo, inatupasa sisi wenye watoto wachanga kati yetu kukaa chini sana ya hapo.

Mama, usimulaze mutoto karibu na bafle. Mutoto mudogo hawezi kusema: “Sauti hii inaniumiza.” Akilala, watu wanasema: “Tazama, hapendezwi na kitu ila kulala, amezoea.” Lakini masikio yake yanaendelea kupokea nguvu ile ile, hata katika usingizi.

(7) Jua vitu vingine vinavyoharibu kusikia. Usaha unaotoka sikioni, surua, na ugonjwa wa utando wa ubongo unaoitwa menenjiti vinaweza kuleta uziwi. Dawa zingine zenye nguvu, kama streptomisini, kanamisini na jentamisini, zinaweza kufanya vile vile, na makelele yanaongeza hatari yake. Kwinini nayo inaweza kuleta mulio katika masikio. Usiache dawa yako kwa hofu, lakini kama masikio yanaanza kulia, umuambie munganga mara moja.

9. NAMNA YA KUPIMA MASIKIO NYUMBANI

Mugonjwa akae katika kiti, mahali penye kimya. Wewe usimame nyuma yake, urefu wa mukono mumoja, asione midomo yako. Yeye azibe sikio moja kwa kidole na kulisuguasugua polepole. Wewe toa pumzi yako yote, halafu nong’ona maneno mafupi: tatu, sita, paka, kuku, siku, tano. Yeye ayarudie. Fanya hivyo kwa sikio la pili na maneno mengine. Kama anakosa zaidi ya nusu katika sikio moja ao yote mawili, aje hospitali. Pengine ni nta tu imeziba tundu, nayo inaweza kutolewa. Kama ni chembe zimekufa, kuna mashini ndogo ya kuvaa sikioni inayoweza kumusaidia, nasi tutamufundisha jamaa yake namna ya kusema naye: kumukaribia, kumutazama usoni, na kusema polepole bila kupiga kelele.

MAULIZO

1. Sikio moja lina chembe ngapi za kusikia? Zikikufa, zinaota tena?
2. Sauti ikipanda toka desibeli 90 hata 100, nguvu yake imekuwa mara ngapi? Sikio linasikia kama imekuwa mara ngapi?
3. Ukitumia mukono wako, utajua namna gani kwamba makelele yamefika desibeli 85?
4. Kwa nini mutu aliyeharibiwa na makelele anasema: “Ninasikia, lakini sifahamu”?
5. Katika kanisa lenu watoto wanakaa wapi, na bafle inaelekea wapi? Mutaigeuza lini?